Akili uzeeni: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Samaki mkunje angali mbichi, mzee hafundishiki.

Ukweli: Methali hiyo ni ya malezi ya watoto, tusiwabebeshe wazee. Kinachopungua zaidi ni kasi ya kufikiri, nayo huanza kushuka mapema, kabla hata ya mvi. Msamiati na maarifa ya jumla huweza kuendelea kukua hata baada ya miaka 60. Anayeanza lugha mpya akiwa na miaka 70 atarudia somo mara nyingi kuliko kijana, na wengi huachia hapo wakidhani wameshindwa. Wengine shida yao wala si kichwa, ni masikio. Kapime kwanza.

Dhana: Kujaza chemshabongo kunatosha.

Ukweli: Ukijaza kila siku, utakuwa hodari wa kujaza chemshabongo. Mtafiti wa akili Denise Park na wenzake, huko Texas, Marekani, waliwafundisha wazee upigaji picha wa kidijitali au ushonaji wa mablanketi ya viraka, takriban saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za wenzao waliokutana tu kupiga soga na kujiburudisha. Hii haina maana kwamba kamera ni kinga ya ugonjwa wa kusahau. Anayekuambia hivyo ana kitu anakuuzia.

Dhana: Kwanza ujue kusudi lako, ndipo uanze.

Ukweli: Hii ndiyo inayowakalisha watu wengi. Mwaka 1772 Mwingereza Mary Delany, mjane wa miaka 72, aliona kipande cha karatasi chenye rangi ileile ya ua la jerani (geranium) lililokuwa karibu naye. Akashika mkasi, akakata petali moja baada ya nyingine, akazibandika kwenye karatasi nyeusi. Rafiki aliyekuwa mwenyeji wake alipoingia alidhani ni petali za kweli. Basi akaendelea, akichunguza kila mmea kabla ya kuukata, hadi macho yalipomchosha yapata miaka kumi baadaye. Alikuwa amefikisha karibu maua 1,000, ambayo leo yamehifadhiwa British Museum, jumba la makumbusho la London. Kusudi lilimkuta kazini.

Dhana: Mstaafu ana muda tele.

Ukweli: Anao, mpaka wajukuu, wageni na simu waugundue. Chagua saa yako ya kusoma na uwatangazie wote nyumbani.