Usingizi wa Mchana Haupimwi kwa Damu

Wiki hii nimewekewa tena karatasi ya maabara mezani. "Daktari, nimepima damu yote, hakuna ugonjwa, na bado nasinzia." Damu hunionesha upungufu wa damu, sukari, au homoni ya tezi ya shingo iliyoshuka. Hayo huchosha. Lakini kuchoka siko kusinzia: aliyechoka ukimkalisha chumba kimya hupumzika, mwenye usingizi hupitiwa.

Mimi naanza na maswali manane yaitwayo ya Epworth, ya kupima kusinzia mchana, aliyoyatunga Murray Johns kule Australia mwaka 1991. Kila swali lina alama 0 hadi 3; jumla ikizidi 10, nafuatilia. Swali la kusinzia garini kwenye foleni halimfai mama wa Micheweni, Pemba, asiyepanda gari ila kwa safari ya hospitali. Na la kujinyoosha mchana? Baada ya Adhuhuri nusu ya mtaa imelala. Hivyo huongeza langu: umewahi kupitiwa huku unazungumza na mtu?

Akikoroma, na mkewe akasema pumzi hukatika, anahitaji kipimo cha usingizi cha usiku. Pumzi ikikatika sekunde 10 inahesabiwa. Mikatiko 30 kwa saa ni hali kali. Hapo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye kipimo cha mchana, ambacho watu wako tayari kuuza karafuu wavuke bahari kukifuata. Unalazwa kitandani ujaribu kusinzia mara tano, kila baada ya saa mbili, dakika 20 kila mara. Usingizi ukikuchukua ndani ya dakika 8 au chini, kwa wastani, na usingizi wa ndoto ukaingia ndani ya dakika 15 angalau mara mbili, tunafikiria narkolepsia, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana. Jamani, mtu asiye na ugonjwa ila deni la usingizi naye huzama ndani ya dakika hizo hizo! Mashine haijui kwamba uliamka kula daku. Haijui kwamba dawa nyingi za sonona huzuia usingizi wa ndoto. Na hata kwa aliyejitayarisha, kipimo kikirudiwa jibu huweza kugeuka, hasa kwa asiyelegea viungo anapocheka, dalili wanayokuwa nayo baadhi ya wenye narkolepsia. Nimeshaandika jina la ugonjwa kwenye faili nikiwa na shaka moyoni.

Ndiyo maana nadai daftari la usingizi kwanza: mgonjwa aandike kila siku amelala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Vitabu vinataka wiki moja au mbili. Kwa mvuvi wa dagaa hazitoshi: kwenye giza yuko baharini na taa usiku kucha, mbalamwezi ikiwaka analala kwake. Wiki mbili za giza peke yake zitamfanya mgonjwa, wiki mbili za mbalamwezi zitamfanya mzima.

Mvuvi mmoja wa Mkokotoni nilimwandikisha siku 29. Siku za giza alisinzia, nikategemea hivyo. Mbalamwezi ilipofika alilala masaa manane kila usiku, na bado akapitiwa akishona nyavu, sindano mkononi. Huyo nimemwandikia barua ya kipimo cha mchana.