Modeli si kielelezo cha mahakamani

"Kompyuta imethibitisha kwamba ubaguzi wa makazi hutokea wenyewe." Sentensi hii, inayohusu watu wa rangi tofauti kuishi mitaa tofauti, au ndugu yake, haikosekani panapojadiliwa modeli za kikokotozi katika falsafa ya sheria na maadili. Makosa yake yameanzia kwenye maneno.

Maana kwanza, kwa haraka. Modeli ya kikokotozi ni kanuni zilizo wazi kiasi cha kutekelezwa hatua kwa hatua bila yeyote kuombwa atumie busara, kisha unatazama zinakufikisha wapi. Wapo wanaoigeuza sheria yenyewe kuwa programu, kama wanasayansi wa kompyuta Sergot, Kowalski na wenzao walivyofanya mwaka 1986 kwa Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981. Wapo wanaobuni jamii ndogo na kuona tabia fulani zinazaa nini. Hapa tuko na hawa wa pili. Roboti hakimu hahusiki.

Sasa maneno. Wengi huandika "kielelezo". Mzizi wake ni elea: jambo likikuelea, unaweza kulieleza. Neno zuri, ila mahakamani lina kazi yake tayari. Kielelezo huko ni panga, hati au risiti iliyopokelewa na hakimu, ikapewa alama na kuingia kwenye ushahidi. Kwa hiyo msomaji wa sheria akikuta "kielelezo cha kompyuta kinaonyesha", anaelewa kwamba kuna jambo lilitokea na hiki ni kithibitisho chake. "Mfano" nao, mtoto wa kufanana, unampeleka kwenye tukio halisi au kwenye mifano ya Injili. Modeli haikutokea popote. Asili yake ni modulus ya Kilatini, kipimo kidogo, iliyopita kwenye modello ya Kiitaliano. Afadhali neno hili la mkopo, hata kama wengine wanalisikia na kuwaza mavazi ya jukwaani.

Kuhusu "kompyuta", modeli inayotajwa zaidi haikuanza nayo. Thomas Schelling, mchumi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 2005, aliichapisha mwaka 1971 baada ya kuhangaika na sarafu kwenye ubao wa miraba. Ubao wa drafti unatosha, ukitumia miraba yote 64. Chukua vizibo 44 vya soda, 22 vikae uso juu na 22 vipinduliwe: ni watu wa makundi mawili, na ubao ni mji wao. Vimwage bila mpango, ubaki na miraba 20 mitupu. Kizibo kinaridhika endapo angalau theluthi moja ya majirani zake ni wa aina yake. Majirani ni wale wa miraba inayokizunguka, hata ya mshazari: 8 katikati ya ubao, 5 ukingoni, 3 kwenye pembe. Kisichoridhika kinahamia mraba mtupu wa karibu utakaokiridhisha. Hamisha kimoja kimoja, na uhesabu upya kila mara, kwa sababu anayehama huwavurugia aliowaacha na aliowafuata.

Mwanzoni karibu nusu ya majirani ni wa aina moja, kwa bahati tu. Ubao ukitulia, utaona mitaa imejitenga. Kwenye NetLogo, programu ya kuendeshea modeli za aina hii, mahitaji ya asilimia 30 ya majirani wa aina moja huishia kwenye wastani wa takriban asilimia 70.

Mchezo huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Ukiacha miraba mitupu 4 tu, wasioridhika wanakosa pa kwenda na mchezo unakwama. Ukihesabu mraba mtupu kama jirani mgeni, umepandisha kizingiti cha kuridhika bila kujua, na hili ndilo kosa la wanaoandika programu yake kwa mara ya kwanza. Ukidai asilimia 80, vizibo vinaweza kuhama bila kukoma.

Mwanafalsafa anapata nini hapa? Mwaka huohuo wa 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power: masharti ya ajira yaliyo sawa kwa wote kwenye karatasi yanaweza kuvunja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kwa matokeo yake, hata bila nia mbaya. Mwaka 1976, katika Washington dhidi ya Davis, mahakama hiyohiyo ikasema kwamba kwa upande wa Katiba matokeo peke yake hayatoshi, lazima nia ionekane. Modeli ya Schelling inalibana swali hili kooni. Hapa kuna mtengano mkubwa, na hakuna kizibo hata kimoja kilichoutaka. Je, kuna dhuluma? Ya nani? Anayesema kila dhuluma ina mwenye hatia sasa anadaiwa jibu.

Ila vizibo havijasema lolote kuhusu kilichotokea katika miji ya Marekani kama Chicago au St. Louis. Huko kulikuwa na hati za nyumba zilizokataza kumuuzia mtu mweusi, ambazo mahakama zilizuiwa kuzitekeleza mwaka 1948 tu, katika Shelley dhidi ya Kraemer. Kulikuwa na ramani za serikali za miaka ya 1930 zilizopaka mitaa ya watu weusi rangi nyekundu, alama ya hatari kwa wakopeshaji, na dhamana za mikopo ya nyumba zilizonyimwa watu weusi. Hivyo ndivyo vielelezo, kwa maana ya mahakamani, na vina waandishi wake. Modeli inasema tu kwamba upendeleo mdogo ungetosha kuzaa mtengano. Haisemi kwamba ndio uliouzaa.

Kwa hiyo pale unapotaka kuandika "kompyuta imethibitisha kwamba ubaguzi wa makazi hutokea wenyewe", andika "modeli inaonyesha kwamba makazi yanaweza kutengana hata pasipo mtu aliyekusudia". Ni ndefu kidogo, lakini hata wakili wa upande wa pili hatakuwa na pa kuishika.