Nyonga ya Mtoto Mchanga: Tazama Unapobadilisha Pampasi

Nyonga iliyohama kwa mtoto mchanga haiumi. Mtoto ananyonya, analala, uzito unapanda, na hakuna anayeshtuka mpaka siku anapoanza kutembea akichechemea. Hapo ameshavuka mwaka, na tiba ambayo ingekuwa mikanda ya kitambaa imekuwa nusu kaputi na plasta.

Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya kiungo hiki bado ni gegedu laini, haijawa mfupa. Kikombe huongezeka kina kwa sababu kichwa kimetulia ndani yake. Kichwa kikikaa nje, kikombe hubaki bapa kama kisahani cha chai, na kila mwezi unaopita unafanya kazi ya kukirudisha iwe ngumu zaidi.

Walio katika hatari zaidi ni watoto wa kike, wazaliwa wa kwanza, wenye mzazi au ndugu aliyewahi kuwa na tatizo hili, na hasa waliotanguliza matako tumboni. Operesheni ya uzazi haiondoi hatari hiyo, kwa kuwa nyonga ilishakunjwa vibaya kabla ya siku ya kujifungua. Mtoto aliyetanguliza matako apimwe kwa altrasaundi akiwa na wiki 4 hadi 6, hata kama haonyeshi dalili yoyote. Eksirei inafaa kuanzia miezi 4 hadi 6. Kabla ya hapo kichwa cha paja ni gegedu na hakionekani kwenye picha.

Nyumbani, mlaze chali mahali pagumu kidogo, akiwa ameshiba na ametulia. Mkunje magoti, kisha tanua mapaja taratibu bila kulazimisha. Yote mawili yanapaswa kushuka pande kwa usawa. Moja likigoma, au magoti yakiwa juu huku visigino vimelingana na goti moja likaonekana chini kuliko jingine, mpeleke kliniki ya mama na mtoto na uombe rufaa. Mikunjo ya paja isiyofanana peke yake isikutishe. Watoto wengi wazima wanayo. Kabla ya miezi 3 paja huweza kutanuka vizuri ilhali nyonga imelegea, kwa hiyo kipimo chako hakichukui nafasi ya mikono ya mtaalamu.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, tiba ya kwanza ni mkanda wa Pavlik. Hushika kifua, mabega na miguu, ukikunja nyonga kwa nyuzi 90 hadi 100 na kuacha mapaja yatanuke yenyewe, mithili ya chura. Mara nyingi huvaliwa karibu saa 24, kwa wiki 6 hadi 12. Hapa ndipo wazazi wengi huteleza: joto la Dar es Salaam likizidi, mtoto akilia, mkanda unafunguliwa "apumzike kidogo". Usifungue wala kubana upya bila maelekezo. Mvalishe fulana nyepesi ya pamba ndani na soksi ndefu, pampasi ipite chini ya mikanda, na unapombadilisha mnyanyue matakoni, usimvute miguu. Mafuta na poda chini ya mikanda huchubua ngozi. Akiacha kurusha mguu mmoja, rudi hospitali siku hiyo hiyo: nyonga iliyokunjwa kupita kiasi hubana neva ya paja. Mapaja yaliyotanuliwa kwa nguvu nayo huweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa. Nyonga isiporudi ndani ya wiki 3 hadi 4, mkanda husitishwa, maana kuendelea nao huharibu ukingo wa kikombe.

Kuanzia miezi 6 hadi 18 hivi, nyonga hurudishwa mtoto akiwa kwenye nusu kaputi, kisha hufungwa plasta (hogo) kuanzia kifuani hadi miguuni kwa takriban miezi 3. Chomeka pampasi ndogo ndani ya kingo za tundu la haja, kisha funika kwa kubwa. Mgeuze kila saa 2 hadi 3, kagua vidole kama vina joto na vinacheza, wala usiingize kijiti kumkuna. Baada ya umri huo wa miezi 18 hivi, upasuaji wa wazi huhitajika, na pengine kukata mfupa wa nyonga au paja. Kwa Dar es Salaam, rufaa za aina hii huelekezwa kwa madaktari wa mifupa ya watoto, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Na akina bibi wanaofunga kichanga kwa kanga miguu ikiwa imenyooshwa, tunawaomba wafunge kifua tu, magoti yabaki huru kukunjika. Mbeleko, kwa upande wake, ni rafiki wa nyonga. Mtoto aliyeshika shingo akibebwa mgongoni, mapaja yakikumbatia kiuno cha mama, kichwa cha mfupa hukaa pale pale kinapotakiwa.