Jinsi ya kusoma jina la kisayansi la nyoka mwenye sumu

Mara nyingi aliyempa nyoka jina la kisayansi alikuwa na mzoga tu ndani ya chupa ya pombe. Kwa hiyo mimi hulisoma jina kama rekodi ya alichokiona mtu huyo, si maelezo kamili ya tabia.

Mfano mzuri ni koboko, Dendroaspis polylepis. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la nyoka wa karibu, la pili ni spishi, yaani aina yenyewe, na yote yametoka Kigiriki: dendron ni mti, aspis ni nyoka wa sumu, polylepis ni mwenye magamba mengi. Magamba ni kweli: katikati ya mwili kwa kawaida ana safu 23 hadi 25, ilhali ndugu yake wa kijani, Dendroaspis angusticeps, ana kama 19. Mti ndio unaopotosha, kwani koboko hushinda sana ardhini.

Kifutu, Bitis arietans, jina limemkaa sawasawa: arietans ni Kilatini, apigaye kichwa kama kondoo dume. Hulala kimya, halafu hushambulia ghafla.

Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1766, alimwita nyoka mmoja wa Amerika Kusini Crotalus mutus, yaani wa jamii ya wenye njuga, ila bubu, maana hutikisa mkia usio na njuga. Baadaye akahamishiwa jenasi Lachesis, jina la mungu wa kike wa Wagiriki aliyepima urefu wa maisha ya mtu. Jenasi hiyo ni ya kike kisarufi, basi mutus ikawa muta. Ukimtafuta katika vitabu vya zamani, jaribu miisho yote miwili. Na ukiona Bitis arietans (Merrem, 1820), yaani jina la aliyeieleza kwanza na mwaka, mabano yanakuambia kuwa spishi imehama jenasi tangu ilipoelezwa.

Naja ashei, swila mtema sumu aliyetambuliwa 2007, anamuenzi James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Watamu, Kenya. Mwisho -i ni wa mwanamume. Wa mwanamke ni -ae.

Kubwa kuliko yote ni dawa ya sumu ya nyoka. Echis ocellatus, nyoka mwenye sumu wa Afrika Magharibi, aliwahi kuhesabiwa kuwa Echis carinatus, jina la nyoka wa Asia. Lakini dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya yule wa India imeshindwa kuwasaidia vizuri wagonjwa wa Afrika Magharibi, kwa sababu sumu hazifanani. Kwenye karatasi ya dawa soma jenasi na spishi, kisha uangalie sumu iliyotumika ilikamuliwa kwa nyoka wa nchi gani.