Kura ya vigae vya Athens haikufilisi ukoo

Ujumbe huu unarudi tena na tena kwenye magrupu: eti Wagiriki wa kale walimpigia kura kiongozi fisadi, wakataifisha mali yake na kuufukuza ukoo wake wote milele. Si kweli.

Kura ya vigae, yaani kura ya kumfukuza mtu mjini kwa muda, ilianza kutumika Athens mwaka 487 KK. Haikuwa kesi: hapakuwa na mashtaka wala utetezi. Kila mpiga kura aliandika jina la mtu aliyetaka aondoke kwenye kigae cha chungu. Aliyeng'olewa alipewa siku 10 za kuweka mambo yake sawa, kisha akakaa nje miaka 10. Mashamba yalibaki yake na mapato aliendelea kupata. Mkewe na wanawe hawakuguswa. Mwaka 480 KK, Waajemi walipokaribia, waliofukuzwa waliitwa nyumbani kabla ya muda.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani adhabu nyingine zilikuwa kali kweli. Wasaliti walitaifishwa mali, na kuna ukoo mashuhuri uliofukuzwa kwa kosa la kumwaga damu patakatifu, hata mifupa ya wafu wao ikafukuliwa na kutupwa nje ya mipaka. Watu huchanganya adhabu hizo na kura ya vigae.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo tena, hata ukipendezwa na funzo lake. Tafuta picha za vigae vyenyewe, maana maelfu yamefukuliwa Athens. Vingi vina jina la mtu na la baba yake tu. Vipo pia vigae 190 vilivyokutwa kisimani karibu na kilima cha Akropoli, vyote vyenye jina la mwanasiasa mmoja, vimeandikwa kwa mikono michache tu: wapinzani wake walikuwa wamejipanga.