Kuunda upya tovuti ya shirika dogo Uganda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fedha ya kutengeneza tovuti hutoka mfuko uleule unaowahudumia wagonjwa, wakulima na wanafunzi. Ndiyo maana dhana hizi zinaniuma.

"Ukurasa wa Facebook unatosha."
Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka imepita watu wakiingia kwa VPN tu, yaani programu inayokwepa kizuizi cha mtandao. Shirika lililokuwa na ukurasa huo peke yake liliwapoteza wasomaji wake wa nyumbani ndani ya siku moja. Mitandao itumike, lakini taarifa za msingi zikae mahali ambapo shirika lina mamlaka napo.

"Sura mpya italeta wafadhili."
Mfadhili makini anatafuta cheti cha usajili, majina ya wajumbe wa bodi, hesabu zilizokaguliwa na wilaya mnazofanyia kazi. Kama hayo hayapo, rangi haitasaidia. Tena zile picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa wa kwanza, ambazo bodi huzipenda sana, zinamlia bando msomaji wa Arua au Soroti. Tozo ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliyoanza 2018, iliondolewa 2021, lakini nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa 12% kwenye bando zenyewe. Punguzeni picha ya megabaiti 5 iwe kilobaiti 200. Kwenye kioo cha simu tofauti ni vigumu kuiona.

"Ya zamani ifutwe, tuanze upya."
Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote. Anwani za kurasa zenu zimo ndani ya ripoti za wafadhili, habari za magazetini na matokeo ya Google. Mkizifuta, kila anayezifuata anakutana na 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupatikani, na kudhani shirika limekufa. Kabla ya kuchora chochote, orodhesheni kurasa zote, hifadhini nakala, kisha kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa agizo la 301, linalojulisha Google kuwa ukurasa umehama kabisa.

"Fundi wa tovuti anajua kila kitu."
Fundi ajue kazi yake, lakini anwani ya tovuti yenyewe, iwe ya .org au .or.ug, isajiliwe kwa jina la shirika na kwa barua pepe ya ofisi. Ikisajiliwa kwa jina la kijana aliyejitolea, naye akahama, notisi ya kulipia itamfuata yeye. Muda ukiisha, na siku za nyongeza zikapita bila kulipiwa, mtu yeyote anaweza kuinunua.

"Picha za watoto tunaowasaidia ni zetu."
Si zenu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kuunda upya tovuti ni nafasi nzuri ya kuziondoa zile zisizo na idhini.

"Kiingereza kinatosha."
Kwa mfadhili, labda. Lakini wakimbizi wengi kutoka Kongo walioko Nakivale na Kyangwali wanazungumza Kiswahili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia Kiswahili kitumike kama lugha rasmi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye saa za ofisi, namba ya simu na mahali pa kupeleka malalamiko ungewafaa kuliko kurasa kumi za maono na dhamira.