Mshiko wa bastola ndogo na maana ya kuurekebisha

Mshiko wa bastola ni namna umbo la mpini linavyokutana na umbo la mkono wa anayeushika. Kuurekebisha maana yake ni kubadilisha unene, urefu, mzingo au uso wa mpini kwa vifaa vinavyouzwa kando na bastola yenyewe, ambavyo aghalabu hutengenezwa na viwanda vingine visivyo kile kilichoiunda silaha. Nchini Uganda jambo hili linawahusu watu wachache: maofisa wa polisi na wa jeshi wanaopewa bastola kwa kazi, walinzi wa viongozi, na raia wenye vyeti vya kumiliki silaha. Wengi wao hulichukulia kuwa suala la urembo, au la kuufanya mpini usiumize kiganja. Mimi naamini ni suala la kipimo, na kwamba kifaa chochote kisichousogeza mkono kuelekea kipimo chake hakina sababu ya kununuliwa.

Ili kuona kwa nini ni kipimo, inafaa kuanza na kinachotokea risasi inapotoka. Nguvu ya mlipuko hurudi nyuma kwa kufuata mstari wa mtutu, na mstari huo uko juu ya mkono. Kwa kuwa nguvu haipiti katikati ya kiganja bali juu yake, bastola hairudi nyuma tu. Huinuka mdomo pia, na hilo ndilo teke ambalo kila aliyewahi kufyatua bastola analifahamu. Kadiri mkono unavyokaa juu zaidi kwenye mgongo wa mpini, ndivyo umbali kati ya kiganja na mstari wa mtutu unavyopungua, na teke nalo hupungua. Ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada inapaswa kufika juu kabisa ya mgongo wa mpini bila kuingia katika njia ya slaidi, yaani kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kwa sababu slaidi inayorudi kwa kasi huweza kuikata. Mshiko mzuri, basi, ni ule unaoirudisha bastola mahali pale pale baada ya kila risasi, bila mpigaji kulazimika kupanga vidole upya.

Katika bastola kubwa mambo haya husamehe kidogo, lakini katika bastola ndogo hayasamehi. Bastola ya Glock 17 ina kimo cha takriban milimita 139, Glock 19 iliyofupishwa ina takriban 128, na Glock 26 iliyo ndogo zaidi ina takriban 106. Tofauti ya milimita 33 kati ya ya kwanza na ya mwisho inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila karibu yote imeondolewa kwenye mpini, mahali ambapo vidole vitatu vinahitaji kukaa. Kwa mtu mwenye kiganja cha wastani, Glock 19 huvipokea vidole vyote vitatu kwa shida kidogo, na kwenye Glock 26 kidole cha mwisho hubaki kikining'inia chini bila kushika kitu. Kidole hicho si mzigo usio na kazi. Mtu akikunja ngumi ataona kwamba vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyokaza kiganja, na kimojawapo kikikosa mahali pa kushika, vilivyobaki hulazimika kubana zaidi, kidole cha shahada hubanwa pamoja navyo, na shabaha huyumba.

Kipimo cha pili, nacho ndicho ninachokiona kikisahauliwa zaidi, ni umbali kutoka mgongo wa mpini hadi uso wa kifyatulio. Kidole cha shahada kinatakiwa kukigusa kifyatulio kwa ile nyama ya pingili ya kwanza, kisha kukivuta moja kwa moja kuelekea nyuma. Umbali ukiwa mrefu kuliko mkono unavyoweza kufikia, mpigaji huuzungusha mkono mzima kuelekea upande wa kifyatulio, mtutu hauendelei tena kwa mstari mmoja na kigasha chake, na teke hupigwa kwenye kiungo cha kidole gumba badala ya kiganja. Umbali ukiwa mfupi mno, kidole huzama hadi pingili ya pili, nacho huisukuma au kuivuta bastola pembeni wakati wa kufyatua. Askari mwenye mikono midogo, awe mwanamke au mwanamume, akipewa bastola yenye mpini mnene na kuambiwa kwamba hana shabaha kwa sababu hajajitahidi, ameonewa. Mpini ulipaswa kupimwa kwanza kabla ya yeye kulaumiwa.

Bastola za zamani za fremu, yaani kiunzi, ya chuma zilikuwa na jibu rahisi kwa tatizo hili, japokuwa waliozitengeneza huenda hawakulifikiria hivyo. Mpini wao ulikuwa mfupa wa chuma uliofunikwa kwa vibao viwili vya mbao au plastiki, ambavyo mtu angeweza kuviondoa kwa bisibisi. M1911 ya Marekani hushikiza kila kibao kwa skrubu mbili, Browning Hi-Power ya mwaka 1935 kwa skrubu moja kila upande, nayo Makarov ya Urusi, iliyopitishwa mwaka 1951 na kuenea katika majeshi mengi ya Afrika, ina kifuniko kimoja kinachozunguka mpini na kushikwa kwa skrubu moja ya nyuma. Kubadilisha vibao vinene kwa vyembamba kulikuwa kazi ya dakika chache, na vibao vya zamani viliwekwa kando ili virudishwe ikihitajika.

Mambo yalibadilika plastiki ngumu ilipoingia. Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa VP70 yenye fremu ya polima mwaka 1970, lakini ni Glock ya Austria, iliyotoa bastola yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyolifanya jambo hilo kuwa la kawaida duniani. Mpini na fremu vikawa kitu kimoja kilichomwagwa katika kalibu moja. Hakuna tena vibao vya kufungua. Bastola ilikuwa nyepesi na isiyoshika kutu, sifa ambayo anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria anaielewa bila kuelezwa, lakini kila mkono ulitakiwa kujilinganisha na kalibu ile moja. Soko la vifaa vya nyongeza lilikua kutokana na hali hiyo. Watengenezaji wenyewe walilitambua baadaye: Walther P99, iliyotoka katika miaka ya 1990, ilikuja na migongo ya mpini inayobadilishwa, Smith & Wesson M&P ikafuata mwaka 2005 ikiwa na saizi tatu, nayo Glock ikaongeza migongo ya aina hiyo kwenye kizazi chake cha nne mwaka 2010, mmoja ukiongeza milimita 2 na mwingine 4. Kwa hiyo, anayetafuta kifaa cha nyongeza anapaswa kwanza kuangalia ndani ya sanduku la bastola yake. Mara nyingi jibu limo humo, limetoka kiwandani, na limepimwa ili lisiingiliane na sehemu nyingine.

Ikiwa sandukuni hamna, kifaa kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni gamba la mpira, linalovishwa juu ya mpini kama soksi. Hogue ya Marekani inajulikana sana kwa magamba ya aina hiyo, yenye uvimbe wa kujaza kiganja na pengine mifereji ya vidole. Faida yake ni kwamba hufyonza sehemu ya teke na huondolewa bila kuacha alama. Hasara yake ni kwamba huunenepesha mpini pande zote, pamoja na mgongo, na hivyo kuurefusha ule umbali wa kukifikia kifyatulio. Mwenye mikono mikubwa hunufaika. Mwenye mikono midogo hununua starehe ya kiganja na kuilipia kwa shabaha. Mifereji ya vidole nayo inahitaji uangalifu, kwa kuwa aliyeichonga aliwaza vidole vya unene fulani, na visipolingana na vya mpigaji, kila kidole hukaa juu ya tuta badala ya bondeni. Glock yenyewe iliiondoa mifereji hiyo kwenye kizazi cha tano mwaka 2017.

Tena mpira hunata kwenye nguo. Mlinzi anayeificha bastola chini ya kaunda suti au koti jepesi ataona kitambaa kikishikwa na mpini kila anapoinama au kuketi, na umbo la silaha likajichora nje, jambo linaloipotezea bastola ndogo sababu ya kuwa ndogo. Kwa mtu wa namna hiyo, vibandiko vyembamba vyenye uso wa kukwaruza vinafaa zaidi, kama vile vinavyotengenezwa na kampuni ya Talon, ambavyo hukatwa kwa umbo la kila bastola. Haviongezi unene wa kutajika, na huuzuia mkono wenye jasho usiteleze. Ni lazima, hata hivyo, mpini usafishwe mafuta yote ya bunduki kwa spiriti kabla ya kuvibandika, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta, na jasho la mchana wa Kampala likikutana na vumbi la barabara za murramu huzinyanyua kingo zake upesi. Kibandiko kilichoanza kubanduka kiondolewe chote. Kisipigiliwe kwa gundi nyingine juu yake.

Kuhusu kidole cha mwisho kinachoning'inia, ufumbuzi uko kwenye magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini, badala ya mpini wenyewe. Kitako cha magazini kinaweza kubadilishwa kwa kingine chenye ulimi mbele, ambao kidole hicho hukaa juu yake, au chenye nafasi ya risasi mbili zaidi. Vilevile Glock 26 hupokea magazini ya Glock 19 ya risasi 15, ingawa hutokeza chini na kuacha pengo ambalo hujazwa kwa pete ya plastiki. Pete hiyo si pambo: huizuia magazini isisukumwe ndani kupita kiasi na kugonga sehemu za juu. Hapa msomaji ataona mvutano ulio ndani ya dhana nzima ya bastola ndogo. Kila milimita inayoongezwa chini ya mpini huusaidia mkono, na milimita hiyo hiyo ndiyo inayojitokeza chini ya shati. Ninaona ulimi mfupi wa kidole ni mapatano mazuri kwa wengi, na anayejikuta anataka magazini ndefu wakati wote alihitaji bastola kubwa kidogo tangu mwanzo.

Kuna njia moja ambayo siipendekezi: kudonoa plastiki ya mpini kwa ncha ya moto ili kuutia uso wa kukwaruza, au kuupunguza unene wake kwa msasa. Ukuta wa mpini ni mwembamba, moto ukizidi hupinda kwa ndani na magazini hukwama, na kilichoyeyuka hakirudi. Kwa bastola ya serikali au ya kampuni ya ulinzi swali hata halijitokezi, kwani aliyekabidhiwa silaha si mwenye silaha, na hata gamba la mpira linahitaji ruhusa ya msimamizi wa ghala.

Raia mwenye bastola yake ana la kuzingatia pia. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 humtaka awe na cheti, na cheti hicho hufungwa na namba iliyochongwa kwenye silaha. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Uganda ni mshiriki wake, inasisitiza silaha ziwekewe alama za kutambulika, na mwezi Juni 2018 Rais Museveni alilieleza Bunge mpango wa kuchukua alama za kila bunduki nchini. Alama hizo za mpango wa Rais ni mikwaruzo ambayo mtutu na pini inayogonga risasi huiacha, kwa hiyo mpini mpya hauzibadilishi. Namba lakini inaweza kufichwa na gamba lililovishwa ovyo. Bastola kama SIG Sauer P320 ya mwaka 2014 huhitaji uangalifu zaidi, kwa maana mpini wake wote hubadilishwa na namba hubaki kwenye kitengo cha chuma cha ndani kinachobeba kifyatulio, ikionekana kupitia kidirisha. Mpini wa nyongeza usio na kidirisha hicho utamletea mwenyewe maswali kwenye ukaguzi wowote. Kabla ya kuagiza sehemu yoyote ya silaha kutoka nje, ni vyema kuuliza polisi na kupata jibu kwa maandishi.

Kifaa kikishapatikana, bastola huondolewa magazini kwanza, kisha chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, hukaguliwa kwa macho na kwa kidole, na risasi huwekwa chumba kingine. Baada ya kukifunga, magazini tupu inapaswa kudondoka yenyewe kitufe kinapobonyezwa, slaidi ibaki nyuma inapotakiwa, na kidole gumba kifikie vitufe vyote bila mkono kuhama. Ala ijaribiwe pia, kwa sababu ala iliyochongwa kwa mpini wa awali inaweza kuligusa gamba jipya na kuizuia bastola isikae hadi mwisho, na bastola isiyokaa hadi mwisho haijafungwa. Hayo yakishatimia ndipo bastola hupelekwa uwanja wa shabaha, ipigwe risasi chache kwa mkono mmoja na kwa miwili, na matundu kwenye karatasi yalinganishwe na yale ya kabla ya mabadiliko. Kundi la matundu lisipokaza, kifaa kiondolewe.